Wanyamapori kwa karibu, jua la utosi: jibu refu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za wanyama wa karibu zinatoka mgongo umeungua kwa weupe huku uso umezama gizani, na kama ni kweli lile unaloambiwa na wengi, kwamba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kamera ikae kwenye begi. Umesema una lenzi ya milimita 100-400 na hela ya kununua kitu kimoja tu, flashi au kichujio cha polaraiza. Nitajibu vyote, ila vifaa nitaviacha mwisho, maana tatizo lako haliko dukani.

Huo ushauri wa kufunga kamera una ukweli wake kwa anayepiga mnyama mzima ndani ya mandhari. Jua likiwa utosini, mnyama mzima ni vitu viwili visivyopatana: mgongo unaomwagiwa mwanga wote, halafu tumbo, shingo na macho vilivyo kivulini. Kati ya sehemu hizo kuna tofauti ya hatua tatu hadi nne za mwanga, yaani upande mmoja unapokea mara nane hadi kumi na sita ya mwenzake. Ukipatia mgongo, uso unazama. Ukipatia uso, mgongo unaungua. Hakuna mpangilio wa kamera unaofuta hilo.

Lakini wewe umesema "kwa karibu", na ukaribu unakupa uhuru ambao mpiga mandhari hana: hulazimiki kuchukua mnyama mzima. Chagua kipande chake ambacho kiko chote juani au chote kivulini, jaza fremu nacho, na ile tofauti inabaki nje ya picha. Karibu kazi yangu yote ya mchana naifanya hivyo.

Mfano mzuri ni tembo. Ubavu wake umesimama wima, na jua la saa sita linauparaza kutoka juu kwenda chini, karibu sambamba na ngozi. Kila mkunjo unatupa kivuli chake kidogo, unasoma ngozi hadi vumbi lililojikalia kwenye mifereji. Tembo huyohuyo akipigwa na mwanga laini kutoka mbele, mikunjo ile inapotea. Pembe za nyati zina tabia hiyohiyo, na magamba ya ubavuni mwa mamba pia. Vipande vya namna hii navigeuza kuwa nyeusi na nyeupe bila aibu yoyote, kwa sababu rangi za mchana zimepauka ila vivuli vyake vina nguvu. Punda milia ndiye kazaliwa kwa kazi hiyo.

Uso ni shughuli nyingine. Jua likiwa juu, paji la uso linakuwa kofia: macho yanaingia kivulini, na jicho lisilo na nukta ya mwanga ndani yake linaonekana halina uhai. Subiri mnyama ainue kichwa. Nyani anayekagua matawi juu yake, simba anayepiga mwayo, ndege anayemfuatilia mwewe kwa macho, wote hao kwa sekunde moja wanarudisha paji nyuma na jua linaingia jichoni. Kwa hiyo fokasi iwe tayari kwenye jicho kabla kichwa hakijainuka, na upige mfululizo mfupi kinapoinuka. Ukisubiri uone nukta ile ndipo utafute fokasi, umeshachelewa.

La pili ni ardhi, na hili naona watu wanalipuuza mno. Nikifika mahali natazama chini kabla sijamtazama mnyama. Mchanga mweupe, magadi yaliyokauka, nyasi kavu zilizopauka, vyote vinarudisha mwanga juu na kuujaza uso kutoka chini. Udongo mweusi haurudishi kitu cha maana, na majani mabichi yanarudisha kidogo lakini yanaacha ukijani kidevuni na tumboni ambao utakusumbua baadaye kwenye kompyuta. Swala akitoka kwenye majani mabichi na kuvuka kijito cha mchanga, uso wake unafunguka bila wewe kugusa kitufe chochote. Ndege anayeruka chini juu ya mchanga anawaka hadi chini ya mbawa, wakati akiwa juu ya msitu tumbo lake ni giza tupu. Basi ukiwa na nafasi ya kuchagua pa kusubiri, subiri penye ardhi nyeupe.

Kivuli nacho si kimoja. Kivuli kizito cha mti mkubwa ni zawadi: mwanga wake ni laini na unatoka pande zote. Kinachoua picha ni kivuli chenye matobo, ambapo jua linapenya kati ya majani na kumwaga madoa meupe usoni kwa mnyama. Hapo sipigi. Nasubiri asogee, au nabana fremu hadi doa moja tu libaki, na doa hilo liwe juu ya jicho. Ukimpata kwenye kivuli kizito, kagua kilicho nyuma yake, kwa sababu kipande cha nyasi kilicho juani nyuma ya chui aliye kivulini kitaungua na kuvuta macho ya mtazamaji. Mara nyingi kusogea kushoto au kulia kidogo tu kunatosha kumweka mbele ya shina au kichaka chenye giza. Kumbuka pia kwamba mwanga wa kivulini umeelekea ubuluu. Ukipiga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) utapandisha joto la rangi baadaye hadi karibu 7000K, ukipiga JPEG (picha iliyokwishachakatwa na kamera) weka usawa wa rangi kwenye alama ya kivuli mapema.

Sasa mpangilio wa kamera. Hapa mchana una fadhila ambayo haisemwi: jua la anga safi halibadiliki ovyo. Kanuni ya zamani ya f/16 ingali inafanya kazi. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi (namba ikikua, tundu linapungua), shata ni pazia linaloruhusu mwanga kwa muda, na ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga. Kwenye jua kamili, ukiweka f/16, kasi ya shata ni sekunde moja ukiigawa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 400 ni 1/400, au 1/800 ukifungua hadi f/11, au 1/1600 kwa f/8. Mimi naweka hizo namba kwa mkono na kuziacha hapo. Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ukikijazia nyati, kinafikiri kuna giza, kinaongeza mwanga, na yule yangeyange aliyekaa mgongoni mwa nyati anabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Ukikijazia yangeyange fremu nzima, kinafanya kinyume na ndege anatoka kijivu. Ndiyo maana ule ushauri wa kwamba juani "punguza hatua moja" ukitolewa peke yake haufai, kwani unategemea kilichojaa kwenye fremu. Ukishika mwanga wa jua wenyewe kwa mkono, nyati anabaki mweusi na yangeyange anabaki mweupe, na jambo pekee ninalofanya ni kupunguza kama hatua moja mnyama mweupe anapokuwa ndiye mhusika mkuu.

Baada ya hapo angalia histogramu, yaani ule mchoro wa kamera unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na weupe kiasi gani, lakini ile ya rangi tatu, siyo ile nyeupe peke yake. Ndege mwekundu sana anaweza kuwa na rangi nyekundu iliyoshaungua wakati histogramu ya jumla inakuonyesha kwamba mambo ni shwari. Tena histogramu ya kamera nyingi inahesabiwa kutokana na JPEG, hivyo RAW huwa na akiba kidogo juu ya hapo. Akiba hiyo ichukulie kama bahati, usiipangie matumizi. Kivuli kilichozama unaweza kukiinua baadaye, hasa kwa ISO ya chini. Nyeupe iliyoungua kabisa hairudi.

Kuna jambo moja ambalo linanifanya nipende mchana kuliko machweo kwa picha za karibu sana. Mkuu, ukiwa na lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa, sawa na filamu ya zamani), mnyama akiwa mita tano kutoka kwako, kwa f/5.6 eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita tano hivi. Kati ya pua na jicho la nyani pana zaidi ya hapo. Kwa f/11 unapata karibu sentimita kumi, na hapo uso unaanza kukaa wote. Jioni f/11 itakulazimisha upandishe ISO hadi picha ijae chembechembe, au ushushe shata hadi mnyama atikisike. Mchana una f/11, 1/800 na ISO 400 bila kumwomba mtu. Usipitilize f/16 tu, maana huko ukali wa picha nzima unaanza kushuka kwa sababu ya mwanga kupinda kwenye tundu dogo.

Halafu joto. Wengi wanalaumu lenzi kumbe ni hewa. Hewa ya moto iliyo karibu na ardhi inachanganyika na hewa ya juu yake isiyo na joto kama hilo, na mwanga unapopita kwenye mchanganyiko huo unapinda huku na huku. Mnyama wa mita themanini juu ya mchanga saa saba hatatoka mkali hata ukipiga kwa 1/4000. Ni rahisi kujua: piga picha kadhaa mfululizo bila kugusa fokasi. Kama ukali unahamahama, picha hii sikio liko sawa na jicho limevurugika, inayofuata kinyume chake, hiyo ni hewa. Hakuna kifaa kinachotibu, isipokuwa kupunguza umbali, na hiyo ni sababu nyingine kwa nini mchana ni wa picha za karibu. Ukiwa ndani ya gari, zima injini na usipige lenzi ikiangalia juu ya boneti. Kiyoyozi nacho ni adui: hewa baridi ikitoka dirishani na kukutana na ya nje, mtikisiko unatokea palepale mbele ya kioo chako. Zima, fungua vioo vyote, subiri gari lilingane na nje. Na kama lenzi imetoka kwenye ubaridi, ivue kile kikinga jua chake kwa muda, kwa kuwa hewa ya joto tofauti hunaswa mle ndani.

Usiwasahau wadogo. Wakati wanyama wakubwa wamelala, mijusi na kereng'ende ndio wako kazini. Kereng'ende wa aina nyingi, jua likizidi, husimamisha mkia wake kuelekea jua ili eneo linalochomwa lipungue; ni pozi ambalo hutalipata saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hawa unaweza kuutawala mwanga kabisa. Kitambaa cheupe chembamba au karatasi ya kupitisha mwanga, ukikishika kati ya jua na mdudu, kinageuza jua kali kuwa laini papo hapo. Kilete polepole na kutoka juu upande mmoja, kivuli chako kisimpitie, kwa sababu kivuli cha ghafla kwake maana yake ni ndege anayekuja kumla. Pia angalia umbali wa chini wa kufokasi wa lenzi yako, kwani lenzi ndefu nyingi hukataa kufokasi kitu kilicho chini ya mita moja au zaidi.

Kwa wakubwa, neno "karibu" lisikudanganye. Karibu inapatikana kwa lenzi na kwa kukaa kimya hadi mnyama asogee mwenyewe. Mnyama aliye kivulini saa saba anapumzisha mwili usipate joto, na ukimsukuma akatoka juani umemgharimu maji na nguvu. Akiacha alichokuwa akifanya na kukukazia macho, umeshafika mwisho, rudi. Tembo anayepepea masikio taratibu anajipoza, lakini akiyatandaza na kukugeukia uso kwa uso, hiyo ni lugha nyingine na haihitaji mkalimani.

Nirudi kwenye hela yako. Flashi juani ina kikwazo kimoja kikubwa: kamera nyingi haziendi zaidi ya 1/200 au 1/250 pamoja na flashi ya kawaida. Kwa 1/200 na ISO 100 kwenye jua kamili tayari uko f/11, na kwa tundu dogo namna hiyo flashi ndogo haifiki mbali. Kuna hali ya kasi ya juu inayoruhusu shata ya haraka zaidi, lakini inakula nguvu ya flashi vibaya sana. Kwa hiyo ni kifaa cha wadudu na mijusi, mita moja au pungufu. Kumpiga nayo mnyama mkubwa usoni sikushauri, na sehemu nyingi za hifadhi haziruhusu.

Kichujio cha polaraiza kinakula hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, na mchana huo mwanga unao wa kumwaga. Kinaondoa mng'ao mweupe kwenye maji, majani na ngozi iliyolowa, ambao ndio unaofanya kiboko na mamba waonekane wamepakwa chokaa. Juu ya maji kinafanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama kwa mshazari, nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukiyatazama moja kwa moja kutoka juu hakifanyi lolote. Usikizungushe hadi mng'ao wote uishe, hasa kwa chura au nyoka, maana bila mng'ao kabisa ngozi yake inaonekana imekauka. Simamia katikati. Mimi ningenunua hicho, na kabla hujalipia soma kipenyo kilichoandikwa mdomoni mwa lenzi yako, kwa sababu lenzi za 100-400 hazina kipenyo kimoja.