Banio Huku, Shamba Kule: Maswali Yenu Kuhusu Maji ya Mto Indus

Tarehe 23 Aprili 2025, siku moja baada ya watu 26 kuuawa na watu wenye silaha huko Pahalgam katika Kashmir, India ilitangaza kuwa inasitisha utekelezaji wa Mkataba wa Maji ya Indus ilioutia saini na Pakistan mwaka 1960. Maswali mliyoniletea tangu wakati huo ni mengi. Najibu yale yaliyojirudia zaidi.

Waliochora mpaka wa India na Pakistan mwaka 1947 hawakuona kwamba wanakata mifereji ya watu? (Msomaji, Morogoro)

Waliona. Sir Cyril Radcliffe, mwanasheria wa London ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga India, alipewa takriban majuma 5 kugawa Punjab na Bengal, na katika uamuzi wake mwenyewe aliandika kwamba ni vigumu kufikiria mpaka wa kuridhisha pale Ferozepur bila pande mbili kusimamia kwa pamoja mabanio, yaani malango ya kuingizia maji mtoni, ya mifereji inayoanzia hapo. Usimamizi huo wa pamoja haukuwahi kuwapo. Mpaka ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, siku chache baada ya uhuru, na mabanio mawili makubwa, la Madhopur kwenye Mto Ravi na la Ferozepur kwenye Mto Sutlej, yakabaki India, ilhali sehemu kubwa ya mashamba yaliyoyategemea ikawa Pakistan.

Ni vyema tuelewe ni kitu gani kilichokatwa. Punjab ilikuwa na mtandao mmoja wa umwagiliaji uliojengwa kwa karibu karne nzima; mfereji wa Upper Bari Doab, unaoanzia Madhopur, ulianza kazi mwaka 1859. Huko shambani maji hugawiwa kwa zamu inayozunguka kila juma: kila mwenye shamba ana siku yake na saa yake, kwa kadiri ya ukubwa wa ardhi yake, na saa hiyo ikifika hukata tuta la mfereji mdogo kwa jembe, maji yakaingia kwake, kisha muda wake ukiisha huliziba ili jirani apate. Aliyepangiwa saa nane za usiku huamka saa nane za usiku, kwa sababu zamu ikimpita atasubiri juma jingine. Utaratibu wa namna hiyo hautegemei mvua wala bidii ya mkulima peke yake. Unamtegemea mtu aliyeshika lango la banio, ambaye tangu Agosti 1947 alikuwa mtumishi wa serikali ya nchi nyingine.

Makubaliano ya muda ya kuacha maji yatiririke kama zamani yaliisha tarehe 31 Machi 1948. Kesho yake Punjab ya Mashariki, iliyo upande wa India, ikafunga maji yaliyokuwa yakienda kwenye mfereji wa Dipalpur na kwenye matawi ya Upper Bari Doab yaliyoko Pakistan, tena wakati wakulima wakijiandaa kwa msimu wa pamba. Mazungumzo ya Delhi yaliyozaa makubaliano ya tarehe 4 Mei 1948 ndiyo yaliyofungua njia ya kurudishwa maji. Kwa maoni yangu, majuma yale ndiyo mzizi wa kila neno ambalo Pakistan imelisema kuhusu maji hadi leo: nchi nzima ilijifunza kwamba lango likifungwa, haina la kufanya ila kwenda kuomba.

Mkataba wa 1960 uligawaje maji, na je, ni haki Pakistan ipate asilimia 80? (Msomaji, Mombasa)

Mwanzoni Benki ya Dunia, iliyokuwa mpatanishi chini ya rais wake Eugene Black, ilitumaini kuwa bonde lote litaendeshwa kama mali moja. Wazo hilo lilikwama, na mwaka 1954 Benki ikapendekeza jambo rahisi zaidi: badala ya kugawana maji ya kila mto, wagawane mito yenyewe. India ikapewa mito mitatu ya mashariki, yaani Ravi, Beas na Sutlej. Pakistan ikapewa mitatu ya magharibi, yaani Indus, Jhelum na Chenab, huku India ikiruhusiwa matumizi fulani katika mito hiyo, yakiwamo umwagiliaji wenye kikomo na mitambo ya umeme isiyozuia mtiririko. Waziri Mkuu wa India, Nehru, na Rais wa Pakistan, Ayub Khan, walitia saini Karachi tarehe 19 Septemba 1960.

Kuhusu asilimia 80, takwimu hiyo ni ya wingi wa maji, nayo haisemi kila kitu. Mito ya magharibi ndiyo yenye maji mengi kwa maumbile yake, na tayari ilikuwa ikimwagilia ardhi ya Pakistan. Kwa upande wake Pakistan ilipoteza kabisa mito ya mashariki iliyolisha mifereji yake ya zamani, ikalazimika kujenga mifereji mipya ya kuhamisha maji kutoka magharibi, pamoja na bwawa la Mangla lililokamilika mwaka 1967 na baadaye Tarbela. India ilichangia pauni 62,060,000 kwa awamu 10 za kila mwaka. Mimi naona ulikuwa mgawanyo wa haki kwa serikali mbili zisizoaminiana.

Na watu wa Kashmir waliulizwa? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Jhelum huanzia Verinag katika bonde la Kashmir na Chenab hupita Jammu, lakini waliokaa mezani walikuwa Delhi, Karachi na Benki. Mkataba unaeleza kwamba haugusi madai ya pande mbili yasiyohusu maji, na kifungu hicho ndicho kilichoruhusu usainiwe bila kutatua suala la Kashmir, ambayo nchi zote mbili zinaidai. Gharama yake imewaangukia wakazi, ambao mito yao hawawezi kuihifadhi watakavyo kwa ajili ya umeme na kilimo. Mwaka 2002 Bunge la Jammu na Kashmir lilitaka mkataba uangaliwe upya, na kilio hicho hakistahili kubezwa hata na sisi tunaouthamini mkataba.

Hili halifanani na suala letu la Nile? (Msomaji, Mwanza)

Linafanana kwa kuwa yote mawili yalirithiwa kutoka kwa Mwingereza. Linatofautiana kwa jambo kubwa: makubaliano ya Nile ya 1929 yaliwekwa kati ya Misri na Uingereza bila wenyeji wa Tanganyika, Uganda wala Kenya kushirikishwa, ndiyo maana Tanganyika chini ya Nyerere ilitangaza mwaka 1962 kwamba hayaifungi. Mkataba wa Indus ulijadiliwa na dola mbili huru. Hoja ya Nyerere haiwezi kuazimwa na Delhi.

Familia yetu ilitoka Punjab na wajenzi wa reli. Ndugu zetu wa Pakistan wana hofu. Je, India inaweza kweli kuyakata maji? (Msomaji, Nairobi)

Kuyakata kabisa, haiwezi kwa sasa. Mkataba uliiruhusu kuhifadhi katika mito ya magharibi kilometa za ujazo 4.4 hivi, wakati mtiririko wa mito hiyo kwa mwaka unakaribia 167, na mabwawa ya kuzuia kiasi kikubwa zaidi ya hapo huchukua miaka mingi kujengwa katika milima ile. Jambo la kuhofia ni wakati. Mkataba ulitaka mabwawa ya umeme ya India kwenye Mto Chenab yajazwe kwa mara ya kwanza kati ya tarehe 21 Juni na 31 Agosti, maji yanapokuwa mengi. Mwanzoni mwa Mei 2025 India ilisafisha tope katika mabwawa ya Baglihar na Salal nje ya utaratibu huo, na maofisa wa Pakistan wakaripoti kwamba Chenab ilipungua ghafla kwenye banio la Marala, upande wa Pakistan. Siku chache za upungufu, zikiangukia wakati wa kupanda, zinatosha kumkosesha mkulima zamu yake. Pia India haiwajibiki tena, kwa msimamo wake, kupeleka taarifa za mtiririko ambazo huwasaidia walio chini kujiandaa kwa mafuriko.

India inasema Pakistan inaunga mkono ugaidi, na tangu mwaka 2023 imekuwa ikidai mkataba ujadiliwe upya. Pakistan inasema kuyazuia maji hayo ni kitendo cha vita. Mahakama ya Usuluhishi, iliyoundwa chini ya mkataba huo, ilisema Juni 2025 kwamba tangazo la India haliiondolei mamlaka ya kuendelea na shauri lililo mbele yake; India haiitambui mahakama hiyo. Damu iliyomwagika Pahalgam inadai haki, lakini mkulima wa Sialkot huko Pakistan siye aliyeimwaga, na mkataba huu ulistahimili vita vya 1965, 1971 na 1999 bila kusitishwa.

Na Bangladesh? (Msomaji, Dodoma)

Huko shina la ugomvi ni banio la Farakka, lililo India kwenye Mto Ganges, lililoanza kazi mwaka 1975. Mkataba wa 1996 unagawa maji ya miezi ya kiangazi: yakifika futi za ujazo 70,000 kwa sekunde au chini ya hapo, kila nchi huchukua nusu. Mkataba huo ni wa miaka 30, na muda wake unafika kikomo Desemba 2026.