Vitabu vya Mac OS 9 ndani ya Windows: kwa nini fonti zinaonyesha KB 0?

Swali: Habari za kazi. Nipo kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, Gerezani, Dar es Salaam. Tuna vitabu vya shule vilivyopangwa mwaka 1999 kwa QuarkXPress 4 (programu ya kupanga kurasa) kwenye Power Macintosh ambayo imeshakufa. CD za kazi hizo zipo, na CD halisi ya Mac OS 9 tunayo. Mteja anataka kitabu kimoja kichapwe tena vilevile. Fundi alitunakilia mafaili ya CD moja kwenye flashi kwa kutumia Linux, lakini fonti zote zinaonyesha KB 0. Je, naweza kuendesha Mac OS 9 ndani ya Windows 10 nikamaliza kazi hii?

Jibu: Nzuri, ndugu. Inawezekana, na kompyuta ya ofisini yenye RAM ya GB 4 inatosha. Ila hizo KB 0 zishughulikie kwanza, kabla hujapakua emuleta yoyote, yaani programu ya kuiga Macintosh ndani ya Windows.

Faili la Macintosh ya enzi hizo lina matawi mawili: tawi la data na tawi la rasilimali. Windows, Linux na flashi za FAT zinalijua tawi la data tu. Kurasa za Quark hukaa kwenye data, ndiyo maana kwa kawaida hunusurika. Fonti za Macintosh, za TrueType na za PostScript, hukaa zote kwenye rasilimali. Ukiburuta faili la fonti kutoka CD kwenda flashi, jina linafika na fonti yenyewe inabaki nyuma. Ile nakala ya flashi iweke kando, haiponi.

Dawa ni kunakili CD nzima kama imeji, yaani faili moja lenye kila kilichomo kwenye CD, bila kugusa faili mojamoja. Kwenye Linux ya fundi wako:

`dd if=/dev/sr0 of=kitabu1.iso bs=2048`

CD za zamani huwa na mikwaruzo, hasa zilizokaa bila jalada kwenye joto na chumvi ya pwani. dd ikikwama, tumia ddrescue, inayorudia sehemu mbovu na kuweka kumbukumbu ya ilipofika:

`ddrescue -b 2048 /dev/sr0 kitabu1.iso kitabu1.map`

Fanya hivyo kwa CD zote, ya Mac OS ikiwemo, kisha uyafanye mafaili hayo ya iso yawe ya kusoma tu. Kama kuna disketi, za 1.44 MB zinasomeka kwenye draivu ya PC. Za 800 KB hazisomeki kabisa, kwa sababu draivu ya Macintosh ilikuwa ikibadilisha kasi ya mzunguko na ya PC haifanyi hivyo.

Emuleta ninayokushauri ni SheepShaver. Inaiga Macintosh ya PowerPC na inaendesha Mac OS 7.5.2 hadi 9.0.4. Hapo ndipo mwisho wake, kwa kuwa haiigi sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu, na Mac OS 9.1 inaihitaji. Kwa hiyo soma CD yako vizuri. Ikiwa ni 9.1 au 9.2, tumia QEMU:

`qemu-system-ppc -M mac99,via=pmu -m 512 -hda mac.img -cdrom macos9.iso -boot d`

QEMU, emuleta nyingine, haihitaji ROM ya Apple (programu ya kuwashia Macintosh), lakini haina folda ya pamoja na Windows, na kutoa kazi nje kunachosha. CD iliyokuja na modeli fulani ya Macintosh inaweza kukataa kusakinishwa kwenye SheepShaver na QEMU pia. Unayotaka ni ile iliyouzwa peke yake dukani.

SheepShaver inahitaji faili la ROM. Lililo ndani ya CD ya Mac OS 9 ni jipya kupita kiasi. Linalokubalika ni toleo la 1.6 au la chini yake, na hilo 1.6 lilikuwa ndani ya kifurushi cha Apple kiitwacho Mac OS ROM Update 1.0. Kwenye mipangilio weka RAM MB 512, diski mpya ya MB 1,000, na uruhusu ipuuze makosa ya kumbukumbu (`ignoresegv true`). Bila hilo la mwisho huzimika ghafla. Washa kwa iso ya Mac OS, iandae diski kwa mfumo wa Mac OS Extended, kisha kabla ya kusakinisha ondoa alama kwenye "Update Apple Hard Disk Drivers". Ukiiacha, usakinishaji unaweza kuganda.

Ukishasakinisha Quark, ongeza kitabu1.iso kwenye orodha ya diski. Itatokea kwenye meza ya Mac kama CD, matawi yote mawili yakiwepo. Nakili folda ya kitabu kwenye diski ya Mac yenyewe, usifungue chochote kutoka folda ya pamoja ya SheepShaver na Windows. Fonti ziweke kwenye System Folder. Kumbuka fonti ya PostScript ina vipande viwili, cha skrini na cha printa. Kikikosekana cha printa, skrini itakuonyesha herufi na karatasi itakusaliti.

Utakapofungua kitabu, Quark inaweza kuuliza ifuate mipangilio ipi. Chagua "Keep Document Settings". Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ukichagua nyingine, ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari na nafasi za herufi hubadilika, aya zinasogea, na kurasa 120 zinaweza kuwa 122. Ikikuambia fonti fulani haipo, funga, ukaitafute. Usikubali mbadala.

Usihangaike kuunganisha printa. Kwa Desktop Printer Utility tengeneza printa ya aina ya "Translator (PostScript)", chapa kwenda faili, na kwenye kuingiza fonti chagua zote. Faili la .ps ni data tupu, kwa hiyo lipitishe kwenye folda ya pamoja bila hofu, kisha ligeuze kuwa PDF kwa Ghostscript:

`ps2pdf -dPDFSETTINGS=/prepress kitabu.ps kitabu.pdf`

Mteja akitaka maneno tu, yatoe kutoka Quark kama maandishi, halafu yabadilishe kwa `iconv -f MACINTOSH -t UTF-8`. Usipofanya hivyo, ng’ombe atakuwa "ngÕombe" kitabu kizima, kwa kuwa namba inayowakilisha alama ile ya ng’ kwenye Macintosh ina maana nyingine kwenye Windows.

Umeme ukikatika Mac ikiwa wazi, diski yake yote ni faili moja tu la Windows na linaweza kuharibika. Funga Mac kwa Shut Down kila jioni na unakili faili hilo kwingine.

Kabla ya kupeleka PDF kwenye pleti, endesha `pdffonts kitabu.pdf`. Safu ya "emb" (fonti imeingizwa ndani ya PDF) iseme yes kila mstari. Ukiona Courier kwenye orodha na kitabu hakikuitumia, kuna kipande cha printa ambacho bado hujakirudisha kutoka kwenye CD.