Kuifuata timu ya National League ugenini: anza na safari ya kurudi

Ndugu, umeuliza ujipangeje. Umehamia Uingereza, umeipenda timu ya mji wako inayocheza National League, na mwezi Desemba unataka kuifuata ugenini kwa treni. Karibu sana. Hili ni daraja la 5, chini ya Premier League na zile ligi 3 za EFL (English Football League), na raha yake ni ya pekee. Ila mitego ya safari zake ni mingine kabisa.

Mtego mkubwa ni mechi kugeuka kiporo ukiwa tayari njiani. Mvua ikinyesha usiku kucha, mwamuzi anayeishi karibu huitwa asubuhi akague uwanja. Anaudondosha mpira kuona kama unadunda, anausukuma kwenye sehemu zenye maji kuona kama unakwama. Baridi ni mbaya zaidi, maana haionekani pichani. Desemba jua linapita chini, hivyo jukwaa la upande wa kusini linatupa kivuli uwanjani mchana kutwa. Ule ukanda wa mita chache mbele yake unabaki mgumu kama saruji wakati kwingine kote nyasi zimeshalainika, na ukanda huo peke yake unatosha kuahirisha mechi. Halafu ukaguzi wa asubuhi ukipita, unaweza kufuatia mwingine mchana. Fungua kurasa za klabu zote mbili kabla hujatoka nyumbani, na tena kabla ya kupanda treni ya mwisho ya kuunganisha. Viwanja vya nyasi bandia, ambavyo ligi hii inaviruhusu na EFL haiviruhusu, haviahirishi ovyo kwa mvua, lakini theluji na barafu huvisumbua navyo.

Kwa sababu hiyo, usikimbilie tiketi ya Advance kwa kuwa ni rahisi. Imefungwa kwenye treni moja, na mechi ikiahirishwa hurudishiwi pesa yako. Off-Peak Return, tiketi ya kwenda na kurudi nje ya saa za msongamano, inagharimu zaidi, lakini ikiwa hujaitumia unaweza kurudishiwa pesa kwa kukatwa ada (soma masharti uone mwisho wa kuomba ni lini), na kurudi unapanda treni yoyote ya nje ya saa hizo. Mkiwa watu 3 hadi 9 ulizeni GroupSave, punguzo la kikundi. Pale inapokubaliwa inapunguza theluthi ya nauli, sawa na Railcard nyingi, zile kadi za punguzo la treni.

Ratiba ipange kinyumenyume, uanze na treni ya kurudi. Mechi ya Jumamosi ya saa 9 alasiri inaisha karibu saa 11, hapo huna shida. Shida ni Jumanne usiku: inaanza saa 1:45, inaisha kwenye saa 3:40, na kama stesheni iko mbali treni ya mwisho itakuacha. Mechi za namna hiyo nenda na basi la mashabiki. Mtafute katibu wa umoja wa mashabiki, lipia nafasi mapema, maana wasipofikisha idadi safari inafutwa. Usipande na pombe: sheria ya 1985 ya pombe michezoni inakataza kuibeba kwenye basi linalopeleka mashabiki kwenye mechi ya ligi hii, kama inavyokataza kunywa mahali unapoona uwanja.

Anwani nayo ihakikishe kila mara. Klabu za huku huhama na kuazima viwanja: Truro City ya Cornwall ilicheza "nyumbani" Plymouth, Taunton na hata Gloucester kabla ya kurudi Truro mwaka 2024. Tumia postikodi iliyoandikwa kwenye tangazo la mechi yenyewe, si uliyoikuta kwenye ramani. Nailsworth, kwao Forest Green Rovers, hakuna stesheni kabisa; unashukia Stroud, unachukua basi, kisha unapanda mlima mkali hadi uwanjani. Kwa Waislamu uwanja huo una unafuu mmoja: chakula chote ni cha mimea, kwa hiyo swali la nyama halipo. Kwingine kibanda huuza baga na soseji, na soseji mara nyingi ni nguruwe. Beba chakula chako.

Klabu ya Gateshead inacheza kwenye uwanja wa riadha. Njia ya wakimbiaji inakutenganisha na mpira na upepo unapita wazi, kwa hiyo vaa soksi nene na viatu vya soli nzito; baridi ya huku inapandia miguuni.

Kiingilio mara nyingi unalipa getini, lakini mechi za majirani huwa na tiketi maalumu za wageni, hivyo soma tangazo. Kama mashabiki hawatenganishwi, usikimbilie kujipanga nyuma ya goli mapema. Subiri sarafu irushwe, kwa sababu nahodha anaweza kuchagua kubadilisha upande, kisha nenda nyuma ya goli ambalo timu yako inalishambulia. Wakati wa mapumziko wote mnahamia upande wa pili, mkipishana na wenyeji. Wasalimie, wengi watakuuliza umetoka wapi.