Maafisa wapya wa Kigoma, huruma iwekeni kwenye mpango

Wadogo zangu mlioripoti halmashauri juzi, nimesoma rasimu zenu za mpango wa mialo, kule boti za uvuvi zinakoshusha samaki. Jedwali safi, na picha ya mvuvi analia. Kaeni tuzungumze.

1. Msiitishe mkutano asubuhi katika siku za giza, mwezi usipoonekana usiku. Wavuvi wamekesha na taa ziwani, kina mama wanaanika dagaa. Ngojeni mbalamwezi, vyombo vikipumzika.

2. Walengwa. Hapa kila kundi jipya linakosea palepale, na linaniuma. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia, samaki wazaliane. Uamuzi huo nautetea popote. Lakini someni rasimu zenu: "Waathirika: wavuvi." Kwa nini? Kwa sababu BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni, wana orodha ya vyombo, na mkutanoni aliyesimama akatoa machozi ni mvuvi. Mama wa mwalo wa Kibirizi anayechukua dagaa mali kauli, akaanika, akauza, ndipo amlipe tajiri wa chombo, hayumo. Wala mbebaji wa makasha, wala anayewauzia chai alfajiri. Ziwa likifungwa, deni la yule mama halifungwi. Mmeguswa na mmoja mliyemwona, mkampa bajeti yote. Wasioonekana mmewaongezea mzigo. Chozi ni hodi tu mlangoni, halikwambii ndani wamelala njaa wangapi. Mfuateni dagaa toka mtumbwini hadi sokoni, mwandike kila mkono uliomshika. Kisha ulizeni: unadaiwa na nani, unalipa lini?

Majibu hayo yaingie kwenye mpango. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, ipo. Kikundi cha waanikaji kikikopeshwa Aprili na marejesho yakaanza Juni, tumewachimbia shimo. Tarehe ya marejesho ndiyo inayoonyesha kama mliwajali.

3. Acheni kuandika "elimu itolewe". Wanajua samaki wanazaliana. Wanauliza watoto watakula nini.

4. Mzee akifoka, mwacheni amalize. Wapo hapa waliohamishwa kwa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Ukiwaambia "ni kwa faida yenu", wanakumbuka nyumba walizoziacha. Andikeni alichosema, si "wananchi walipinga".

Rasimu nazirudisha leo. Safu ya walengwa kaiandikieni mwaloni, na mpange kufika boti zinapotia nanga.