Kupumzisha dawa ya mifupa: kwanza tazama ni dawa gani

Ndugu uliyeuliza: mama yako wa miaka 74 amemeza alendroneti, kidonge cha kuzuia mifupa kudhoofika, miaka mitano, daktari kasema aipumzishe, nawe una hofu. Mimi hofu yangu ingetegemea jina la dawa.

Mama yangu naye alianza na hiyo hiyo, miligramu 70 kila Jumapili. Tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha nusu saa hakuna kula wala kulala. (Nusu saa bila chai kwake ilikuwa adhabu, akaigeuza ya kufagia uwanja.) Alendroneti hunasa kwenye mfupa na kukaa miaka, kwa hiyo mtu mwenye hatari ndogo ya kuvunjika akiacha, kinga haikatiki mara moja. Aliyewahi kuvunjika nyonga au pingili ya mgongo, au ambaye DEXA (kipimo cha uimara wa mfupa) ya nyonga bado iko chini ya -2.5, yaani mfupa bado dhaifu, mara nyingi huendelea, hata kufikia miaka 10. Ila kuimeza miaka mingi nako kuna lake: mara chache sana paja huvunjika bila ajali ya maana, likitanguliwa na maumivu ya paja au kinena. Akilalamika hivyo, mpeleke, usingoje tarehe ya kliniki.

Sisi yalitukuta kwingine. Kiungulia kilimshinda, akahamishiwa sindano ya denosumabu, miligramu 60 kila miezi sita. Ilipofika sindano ya sita hela sina, nikamwambia, "Mama, tusogeze mpaka tuuze korosho." Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba hii haibaki mfupani. Nguvu yake ikiisha, mfupa huliwa kwa kasi kuliko hata kabla ya kuanza. Mwezi wa 11 tangu sindano ya mwisho aliinama kunyanyua ndoo, akaketi palepale. Eksirei ikaonyesha pingili mbili zimebonyea. Gauni lake la Idi sasa linaburuta.

Denosumabu haina mapumziko. Ukiiacha, lazima dawa nyingine ishike zamu. Mama sasa anapata dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, baada ya kupimwa figo. Ya kwanza ilimpa homa siku mbili, panadol ikatosha.

Kwa mama yako, muulize daktari DEXA itarudiwa lini, maana mapumziko bila tarehe ni kusahauliwa. Na kama ataandikiwa dripu, jino bovu ling'olewe kwanza. Sisi tulilikumbuka mama ameshakaa kitini, tukarudi nyumbani.