Kobe Hakohoi

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu nilikusudia kujibu barua za mdondo wa kuku, maana ndizo zimejaa mezani. Ikaja hii ya kobe, ikanikumbusha kosa ambalo sijawahi kulisimulia. Kuku watasubiri.

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mhudumu kwenye bustani ya wanyama ya mtu binafsi, njia ya Hombolo. Tuna kobe watatu wakubwa wa asili ya Shelisheli, dume mmoja na majike wawili. Tumeambiwa wapimwe afya kabla ya kuletewa dume wa pili wa kuzalisha. Bosi anasema ni kupoteza hela, kobe akila haumwi. Ni kweli? Na huko kupimwa kukoje?* – Mhudumu, Hombolo

Marahaba, mwanangu. Si kweli. Ng'ombe akiumwa atasusa majani, mbuzi atajitenga, kuku atajikunyata. Kobe anaweza kuwa na nimonia na bado akaifuata ndoo yako ya majani kila asubuhi. Hana ule msuli tulio nao sisi unaotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo kukohoa kisawasawa hawezi. Kinachoingia mapafuni kinabaki humo. Ukingoja kusikia kikohozi utangoja sana.

Daktari akija, usishangae akikaa pembeni nusu saa nzima bila kugusa kitu. Anatazama mwendo. Kobe mwenye afya akitembea huinua tumbo juu ya ardhi; anayeburuta gamba ana jambo. Kisha atainama aangalie macho na pua. Vipovu vinavyotoka na kurudi puani ni dalili mbaya, lakini hata pua ikiwa kavu, aangalie pia upande wa ndani wa miguu ya mbele. Kobe hujifuta kamasi pale, na likikauka linaacha utando kama wa gundi ya ugali. Hapo nimewahi kumkamata mgonjwa ambaye pua yake ilikuwa safi kabisa.

Uzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dume la aina hiyo hufika kilo 250, jike 150 hivi, kwa hiyo tafuteni mizani ya ndama, wekeni ubao juu yake na kipande cha tikiti mbele. Atapanda mwenyewe. Urefu wa gamba mnapima kwa futi kamba. Kipimo cha siku moja peke yake hakisemi mengi. Kinaanza kusema mkiwa na daftari lenye vipimo vya miaka mitatu, mkaona jike ambaye gamba lake halijaongezeka wala kupungua amepoteza kilo kumi na mbili tangu kiangazi kilichopita. Na tafadhali, msimgeuze chali ili kumwona tumbo. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongoni. Ukimpindua, matumbo yote yanayalalia.

Kwenye kutoa damu ndipo wewe unapohitajika kuliko daktari. Kobe hawa ukiwakuna shingoni na kwenye mapaja ya nyuma, huanza kuinuka polepole, miguu ikanyooka, shingo ikatoka yote, akatulia kama anayeimbiwa wimbo wa taifa. Kule visiwa vya Galápagos, kwenye kobe wengine wakubwa kama hawa, ndege wadogo hutumia nafasi hiyo kuwadonoa kupe. Nasi tunaitumia kwa sindano, bila kamba wala mabavu. Lakini kila kobe ana mahali pake anapopenda kukunwa, na anayepajua ni yule anayemlisha.

Mkumbushe daktari vichupa. Damu ya kobe iende kwenye kichupa chenye kifuniko cha kijani. Kile cha zambarau tunachotumia kwa ng'ombe kila siku kina dawa inayopasua chembe nyekundu za kobe. Nimeona sampuli iliyosafirishwa kwenye barafu kwa uangalifu wote, ikafika maabara imekuwa juisi ya rozela. Mtu alirudia safari kwa ajili ya kifuniko.

Kwenye damu wataangalia, pamoja na mengine, asidi ya yuriki, ile taka inayotolewa na figo, na kalsiamu. Kalsiamu ya jike ikionekana iko juu, msikimbilie kuogopa, huenda ana mayai. Asidi ya yuriki ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali hapa kwetu Dodoma, penye kiangazi kirefu. Kobe hutoa mkojo wenye uji mweupe, hiyo ni kawaida yake. Uji huo ukiwa laini, maji yanamtosha. Ukiusugua kati ya vidole ukakwaruza kama mchanga, ana kiu, na figo zinaumia kimyakimya. Wachimbieni bwawa la kina kifupi, la kuingia na kutoka bila shida, maji ya kufika magoti ya kobe. Kama bosi anaona uchungu wa bili ya maji, alinganishe na bei ya kobe. Na majani ya mizabibu mnayopewa bure wakati wa kupogolea ni chakula kizuri, ila muulizeni kwanza mwenye shamba amepiga dawa lini.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini, mzee mmoja aliniletea kobe ndani ya kiroba, amejaa kupe shingoni. Nilikuwa nimetoka kuchoma mbuzi wake sindano za aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, chupa ikiwa bado mkononi. Nikakadiria uzito, nikamchoma na kobe. Kesho yake asubuhi shingo ilikuwa imelala chini, miguu imelegea kama ya mwanasesere, macho wazi. Siku ya tatu akafa. Nilimwambia yule mzee kwamba kobe alikuwa na umri mkubwa. Baadaye sana, kwenye semina, ndipo niliposikia kwamba aivamektini kwa kobe hupenya hadi kwenye ubongo na kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Niliandika kwenye daftari kama wenzangu, sikusema neno. Kwa hiyo, mwanangu, mtu yeyote akija hapo kwenu na chupa ya dawa ya mbuzi, mzuie getini. Minyoo michache kwenye kinyesi cha mla majani kama huyo si lazima hata itibiwe.

Kuhusu dume mgeni nitakuwa mkali. Asichanganywe. Siku 90 peke yake ndiyo kima cha chini, mimi napenda miezi sita, akiwa na ndoo yake, reki yake na buti zake za mhudumu. Achukuliwe sampuli za pua na mdomo kutafuta bakteria wa maikoplazma na virusi vya hapesi, kwani kobe anaweza kuvibeba akiwa mnene na mchangamfu. Marekani, kwenye jangwa la Mojave, kobe wa kufugwa walioachiwa porini wanashukiwa kuchangia kusambaza ugonjwa wa pua na njia ya hewa kwa wenzao wa mwituni. Na kule Galápagos, kabla ya kobe 15 kurudishwa kisiwa cha Española mwezi Juni 2020, walitengwa kwanza, hata mbegu za mimea ya kigeni zitoke kwenye matumbo yao. Kama wao walingoja kinyesi, na nyinyi mnaweza kungoja.

Wawekewe na chipu ya utambulisho mguu wa nyuma wa kushoto. Kobe wa Changuu, Zanzibar, ambao mwanzo wao ni wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, waliwahi kuibwa hivi hivi watu wakitazama. Kobe hakimbii wala hapigi kelele.

*Daktari, habari za kazi. Mume wangu ameokota kobe mwenye madoa kama ya chui, amemfungia kwenye zizi la mbuzi. Majirani wanasema analeta baraka. Ana kupe wengi. Tumfanyeje?* – Mama wa Bahi

Nzuri, mama. Mtoeni leo. Kupe wakubwa wenye mapambo mgongoni wanaokaa kwa kobe huyo wanaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa moyo kujaa maji, na ugonjwa huo unaua mbuzi. Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa aina hiyo mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Mrudisheni pale pale alipookotwa, si pori jingine. Tena huyo ni mnyamapori: kumfuga bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mume wako hatapata nafuu kwa kusema alitaka baraka. Mkiona kobe yule mdogo bapa kama chapati, anayejibana kwenye nyufa za mawe, msimguse kabisa. Yuko hatarini kutoweka, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa daraja la juu kabisa.

*Mwanangu wa darasa la nne anahesabu mistari kwenye gamba la kobe wa shuleni, anasema ana miaka 31. Yuko sahihi?* – Baba, Kizota

Mpe alama za juhudi, kaka. Mistari hufuata misimu ya kula na kushinda njaa. Mwaka mmoja unaweza kutoa miwili, na kobe akizeeka inalika. Hata Jonathan, kobe yule maarufu wa kisiwa cha Saint Helena, mwaka wake wa kuzaliwa wa 1832 ni makadirio tu: alipofika pale 1882 alikuwa tayari amekomaa, watu wakarudi nyuma miaka 50. Shule nayo ionyeshe kibali cha kumfuga. Na kijana akimaliza kuhesabu, anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika maandazi. Salmonela, vijidudu vya kuharisha anavyobeba kobe, havimwumizi kobe mwenyewe.