Jibu: Miami Dolphins 1972, ni 14-0 au 17-0?

Salama mkuu. Umekwama kwa kuwa jedwali moja linasema Dolphins, timu ya futiboli ya Kimarekani (ligi ya NFL), walishinda mechi 14 bila kupoteza msimu wa 1972, na jingine 17. Zote sahihi, hata mimi zilinizungusha nilipokuwa naandaa maswali ya chemshabongo. Angalia kwanza kama wamejumlisha mtoano. Ligi yenyewe wakati ule ilikuwa mechi 14, halafu wakawafunga Cleveland 20-14, Pittsburgh 21-17, na Washington 14-7 kwenye fainali ya Januari 14, 1973. Ndiyo maana msimu ni wa 1972 ila fainali ni ya 1973.

Na ukishangaa kuona walicheza nusu fainali ugenini Pittsburgh wakati hawajapoteza hata moja, si kosa la uchapaji. Enzi hizo uwenyeji ulikwenda kwa zamu za makundi, si kwa rekodi.

Ila ukiandika, usimruke Earl Morrall, mrushaji mpira (quarterback) wa akiba, mzee wa miaka 38. Bob Griese, mrushaji mkuu, alipovunjika mguu mechi ya tano, yeye ndiye aliyeibeba timu mpaka Griese akarudi kipindi cha pili kule Pittsburgh. Fainali nayo nusura iingie mchanga dakika za mwisho: teke la Garo Yepremian, mpiga mateke wa Dolphins, lilizuiwa, akauokota mpira, akataka kuurusha, ukamponyoka mkononi, Mike Bass wa Washington akaudaka na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja, akafunga. Pointi 7 za Washington zilitoka hapo tu.